Usingizi Usiguswe: Mwongozo kwa Mama Anayekimbia, Anayeandika na Kusafiri

Mama akiuliza atapata wapi muda wa kukimbia au kuandika, jibu analopewa mara nyingi ni kuamka mapema zaidi. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri huambiwa aamke saa kumi. Anayelala saa tano usiku huambiwa asubiri nyumba nzima ilale, ndipo afungue daftari lake. Ushauri huu umezoeleka mno, hata wanaoutoa hawajiulizi mama huyo atalala lini. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi kila usiku. Anayelala saa nne au tano kwa miezi mfululizo hukimbia na miguu mizito, huumia kwa urahisi, hushikwa na hamu ya vitu vitamu isiyoisha, na akikaa kuandika husoma sentensi moja mara tatu bila kuiona.

Mwongozo huu ni wa mama mwenye kazi na watoto, ambaye bado anataka kukimbia, kuandika, kusafiri na kula vizuri. Ili tusizungumze juu juu, tuchukue mfano mmoja wa kweli: mama wa Dar es Salaam anayejiandaa kukimbia kilomita 21.1 kwenye Kilimanjaro Marathon, mbio zinazofanyika Moshi tangu 2003, kwa kawaida mwishoni mwa Februari. Mama wa Mombasa, Bujumbura au Kampala atabadilisha majina ya barabara tu. Mengine mengi yanamhusu vilevile. Msimamo wangu ni huu: muda wa mama utoke kwenye kazi ambazo wengine nyumbani wanaweza kuzifanya. Usitoke kwenye usingizi wake, wala kwenye sahani yake.

Anza na kazi za nyumbani, viatu baadaye

Kabla ya kununua raba, chukua karatasi uandike kila kazi unayoifanya kati ya saa kumi jioni na saa tatu asubuhi ya siku inayofuata. Iandike yote, pamoja na zile zisizohesabiwa na mtu: kutafuta soksi iliyopotea, kukumbuka kwamba kesho kuna mchango wa shule, kuonja kama uji umepoa. Kisha mbele ya kila kazi andika jina la mtu mwingine anayeweza kuifanya. Mtoto wa miaka minane anaweza kufua soksi zake na kusafisha viatu vyake. Wa miaka kumi na miwili anaweza kuchambua maharage, kupika chai na kumsimamia mdogo wake anapofanya kazi za shule. Baba anaweza kuwanywesha watoto uji na kuwapeleka kituoni. Sare za wiki nzima zinaweza kupigwa pasi Jumapili mchana kwa pamoja, badala ya kila usiku saa nne umeme unaposuasua.

Karatasi hiyo ibandikwe jikoni au sebuleni, mahali kila mtu anapita. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu nimeona mipango mingi ya akina mama ikifa kwa kuwa ilikaa kichwani mwa mama peke yake. Kila mtu nyumbani anajua saa ya chakula. Vivyo hivyo kila mtu ajue kwamba Jumanne na Alhamisi mama hayupo kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja kasorobo. Siku hizo baba, bibi au shangazi ndiye anayeulizwa kalamu iko wapi.

Kama una dada wa kazi, usimhamishie mzigo wako ukasema huko ni kugawana. Yeye naye ana mwili na usingizi. Kwa sheria ya kazi ya Tanzania, saa za kawaida za mfanyakazi hazizidi tisa kwa siku wala 45 kwa wiki, naye ana haki ya kupumzika saa 24 mfululizo kila wiki. Anayeamshwa saa kumi alfajiri ili wewe ukakimbie, kisha akaachwa na vyombo hadi saa nne usiku, ndiye anayelipia mbio zako.

Mama anayelea peke yake hana wa kumwandikia kwenye karatasi hiyo, lakini mara nyingi ana jirani aliye katika hali kama yake. Zungumzeni mbadilishane: Jumamosi hii watoto wote wako kwake wewe ukikimbia, Jumamosi ijayo wako kwako yeye akienda sokoni, kusuka au kulala. Makubaliano haya yakiwekwa wazi na kuheshimiwa hudumu kuliko kuomba msaada kila mara.

Aliyejifungua karibuni

Bibi zetu walijua jambo ambalo dunia ya mazoezi imechelewa kulikubali. Pwani, mzazi hukaa arobaini, akikandwa, akinywa uji wa pilipili manga, bila kuguswa na kazi nzito. Uchagani hupikiwa mtori wa ndizi na nyama. Siku hizo arobaini si za kuharakisha ziishe. Mwongozo wa wataalamu wa viungo wa Uingereza uliotolewa 2019 unashauri mama asirudi kukimbia kabla ya miezi mitatu tangu ajifungue, na wengi watahitaji hadi miezi sita. Aliyepasuliwa ana kidonda tumboni kinachoendelea kupona ndani hata pale ngozi inapoonekana imefunga vizuri.

Katika kipindi hicho tembea. Anza kwa kuzunguka nyumba, kisha mtaa, kisha nusu saa. Fanya pia mazoezi ya misuli ya nyonga, ile inayozuia mkojo: ibane kama unayejizuia, hesabu hadi tano au zaidi, iachie kabisa, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Hayahitaji kifaa wala chumba. Yanafanyika ukinyonyesha au ukiwa ndani ya daladala. Mama wengi huvuja mkojo wanapokimbia, kuruka au kupiga chafya, wakaamini ndiyo malipo ya uzazi na kunyamaza. Ni tatizo linalotibika. Ukiliona, au ukihisi kitu kizito kinashuka ukeni, acha kukimbia kwanza na umwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Damu ikianza tena kutoka baada ya kukoma, au maumivu ya nyonga yakiendelea, fanya hivyo hivyo.

Tunapowaona wanariadha wakirudi uwanjani baada ya kuzaa, tuangalie na muda waliopewa. Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua Juni 2018. Alirudi mashindanoni 2019, akatwaa dhahabu ya mita 1500 kwenye Olimpiki ya Tokyo 2021, kisha tena Paris 2024. Kati ya uzazi na dhahabu ya Tokyo kulipita miaka mitatu, na mazoezi hiyo ndiyo kazi yake. Asitokee mtu akamlinganisha naye mama anayerudi kutoka ofisini kwa basi la mwendokasi saa kumi na mbili jioni.

Kuhusu ofisi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anaporudi kazini, mwajiri anatakiwa kumruhusu kunyonyesha katika saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Idai haki hiyo kwa barua, mapema, kabla hujarudi. Anayenyonyesha anaweza kukimbia bila kuharibu maziwa. Anyonyeshe kwanza ndipo atoke, avae sidiria ya michezo inayobana vizuri, na mtoto atashiba hadi arudi. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne yasipokuwa kwenye joto linalozidi nyuzi 25, joto ambalo Dar es Salaam ya Januari huvuka mapema sana. Yaweke kwenye friji, yatakaa hadi siku nne, au kwenye boksi la barafu, yatakaa hadi saa 24.

Mbio zenyewe

Mama anayeweza kutembea haraka kwa saa nzima bila taabu ana msingi wa kutosha. Akianza Oktoba, ana miezi minne na zaidi mbele yake, na siku tatu kwa wiki zinamtosha. Siku mbili za katikati ya wiki ni za dakika 30 hadi 40, na siku ya tatu, Jumamosi au Jumapili, ni ya mbio ndefu. Mwezi wa kwanza achanganye: dakika mbili kukimbia, dakika mbili kutembea. Asione haya kutembea. Wengi wanaomaliza kilomita 21 Moshi wanatembea sehemu za mlima, na medali ni ileile.

Kasi ipimwe kwa mdomo. Kama huwezi kumsimulia mwenzako habari ya jana kwa sentensi nzima, unakimbia kasi mno. Mbio ndefu ianzie dakika 40, iongezeke kidogo kila wiki, na kila wiki ya nne ipungue ili mwili upate kupumua. Ikifika kilomita 16 hadi 18 mwanzoni mwa Februari, inatosha. Wiki mbili za mwisho ni za kupunguza. Hapo ndipo wengi huingiwa na hofu na kutaka kufidia siku walizokosa, na hapo ndipo magoti huharibika. Siku iliyopotea kwa sababu mtoto alikuwa na homa imepotea, endelea na inayofuata.

Mara mbili kwa wiki, nyumbani, ongeza dakika kumi na tano za nguvu: kuchuchumaa na kuinuka, kupanda na kushuka ngazi, kujiinua kwa vidole vya miguu. Zinalinda magoti na nyonga kuliko raba ya bei kubwa. Kuhusu raba hizo: nunua zinazokutosha ukiwa umesimama, zenye nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, na uzijaribu jioni mguu ukiwa umetuna kidogo. Za mtumba zinaweza kufaa kama soli haijalika upande mmoja na haijakakamaa. Bonyeza katikati ya soli kwa kidole. Isiporudi, iache hapo sokoni.

Njia ya Moshi ina mpando mrefu kuelekea Mweka, kisha mteremko kurudi mjini hadi Uwanja wa Ushirika. Dar es Salaam sehemu kubwa ni tambarare, kwa hiyo mlima lazima uutafute. Goba na Makongo kuna vilima, Pugu pia. Asiyefika huko apande ngazi za jengo la ghorofa. Jifunze na kushuka, maana mteremko ndio unaochosha mapaja hadi kesho yake mtu anashika ukuta akitaka kuketi.

Usalama ni sehemu ya mazoezi. Dar hakupambazuki vizuri kabla ya saa kumi na mbili, na Juni hufika saa kumi na mbili na nusu. Hii ni sababu nyingine ya kutoamka saa kumi. Kimbia upande wa kulia ukiyaona magari yanayokujia. Acha sikio moja wazi, au yote mawili. Vaa nguo ya rangi inayoonekana. Mweleze mtu wa nyumbani njia unayopita na saa ya kurudi. Afadhali zaidi, jiunge na kikundi cha jogingi cha mtaani kwako. Vipo karibu kila kona ya jiji, vinaimba, vinasubiriana, na mwanamke hakimbii peke yake gizani.

Chakula: hapa ndipo wengi wanapokosea

Katika nyumba nyingi mama hupakua wa mwisho. Baba kwanza, watoto, mgeni, kisha yeye na kinachobaki kwenye sufuria: ugali na mchuzi, mboga kidogo, nyama imekwisha. Mwanamke anayekimbia kilomita 25 kwa wiki hawezi kuendelea hivyo. Mwili usiopata chakula cha kutosha kwa kazi unayoufanyisha huanza kujinyima wenyewe: hedhi hupotea au kuvurugika, mifupa hudhoofika hadi kupata nyufa, mafua hayaishi, hasira huwa karibu. Hedhi ikikosekana miezi mitatu na huna mimba wala hunyonyeshi, nenda hospitali, usifurahi kwamba umepata nafuu. Anayenyonyesha aongeze chakula kinacholingana na mlo mdogo kamili kila siku, hata kabla hajahesabu mbio.

Madini ya chuma ndiyo yanayowaangusha wanawake wengi kimyakimya. Mwanamke aliye katika umri wa kupata hedhi anahitaji takriban miligramu 18 kwa siku, mwanamume miligramu 8 tu; kwa hiyo ile desturi ya kumpa baba finyango zote inakwenda kinyume na mahitaji ya miili yenyewe. Dagaa, maini, nyama nyekundu, maharage, kunde, choroko na mboga za majani vyote vina chuma. Chuma cha kwenye mimea huingia mwilini kwa shida, na hapa kuna mambo mawili yasiyo na gharama. La kwanza, kula kitu chenye vitamini C pamoja nacho: kamua limau kwenye maharage, weka nyanya mbichi na pilipili hoho kwenye kachumbari, maliza kwa chungwa, pera au embe. La pili, ondoa chai mezani. Chai na kahawa huzuia chuma kisifyonzwe. Kinywe kikombe chako saa moja au zaidi baada ya mlo, au kabla yake. Najua chai ya rangi na maharage ya asubuhi ni ndugu wa siku nyingi, lakini watenganishe.

Ukiona unachoka kupita kiasi, unahema kwa ngazi chache, moyo unakwenda mbio ukiwa umekaa, au una hamu ya kula udongo wa pemba au barafu, pima damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, wingi wa damu ukiwa chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Kwa mjamzito mpaka ni 11. Kipimo hiki kinapatikana hata kwenye vituo vya afya. Usijinunulie tu vidonge dukani na kuendelea kukimbia, maana upungufu wa damu unaweza kuwa umeletwa na minyoo, malaria au hedhi nzito inayohitaji tiba yake.

Kabla ya mbio fupi, ndizi mbivu moja au tende tatu zinatosha. Kabla ya mbio ndefu, kula saa moja na nusu hadi mbili mapema: kiazi kitamu cha kuchemsha, mkate na asali, au uji mwepesi wa ulezi. Maharage na kabichi viache kwa wakati mwingine, utajua sababu ukifika kilomita ya tano. Ukirudi, ndani ya saa moja upate kitu chenye wanga na protini: uji wa maziwa wenye karanga, mayai mawili na viazi, au wali wa jana kwa samaki.

Huo wali wa jana una masharti. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na katika joto la kaskazi muda huo upungue zaidi. Wali una vijidudu vinavyovumilia kuchemshwa na kutoa sumu unapoachwa sufuriani ukiwa vuguvugu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha tena. Utandaze kwenye sinia upoe haraka, uweke kwenye friji, upashe hadi utoe moshi, mara moja tu. Asiye na friji apike wa kutosha leo tu. Mwenye friji achemshe maharage kilo nzima Jumapili, ayagawe kwenye vikopo, ayagandishe bila kuyaunga. Jioni ya Jumatano yanahitaji kitunguu, nyanya na nazi tu. Saa nzima iliyookolewa Jumatano hiyo ndiyo saa ya kuandika.

Kunywa maji kadiri ya kiu. Kunywa kidogo mno kwenye joto la Januari ni hatari, na kunywa kupita kiasi nako ni hatari, hasa kwa wanaokimbia polepole kwa zaidi ya saa mbili na nusu wakipokea chupa kila kituo, kwa sababu chumvi ya damu huzimuka. Kichwa kikiuma, ukavimba vidole na kutapika baada ya kunywa maji mengi, omba msaada wa daktari. Kwa mbio ndefu za joto unaweza kunywa chumvichumvi za dukani, au utengeneze: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi. Na tafadhali usimeze diklofenaki au ibuprofeni kabla ya mbio ili usisikie maumivu. Mwili ukiwa umepungukiwa maji, dawa hizo huumiza figo.

Kwenda Moshi na watoto

Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500 kwa barabara, kupitia Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo na Same. Ni siku nzima kwenye basi. Kwa mbio za Jumapili, safiri Ijumaa ili Jumamosi iwe ya kuchukua namba na kupumzika. Vyumba vya Moshi hujaa mapema kwa ajili ya mbio, kwa hiyo panga malazi mara tu unapojiandikisha. Raba, nguo za mbio na karatasi ya usajili viwe kwenye mkoba unaoupakata. Begi la kwenye buti likipotea, halitakuharibia mbio.

Chakula cha njiani ni vikavu vinavyostahimili joto: chapati, vitumbua, viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, tende. Mayai ya kuchemsha yaliwe asubuhi ileile. Njiani nunua matunda ya kumenya mwenyewe. Machungwa ya Tanga hayana mfano. Matunda yaliyokatwa tayari na kuwekwa kwenye mfuko usiwape watoto, wala wewe usile siku mbili kabla ya mbio. Mtoto anayetapika kwenye gari akae mbele, atazame nje, ale kidogo kidogo badala ya kusafiri na njaa. Beba pakiti za chumvichumvi, kipimajoto na chandarua kama hujui hoteli ina hali gani. Mtoto akipata homa safarini au baada ya kurudi, apimwe malaria ndani ya saa 24.

Wanaotoka Kenya hupitia Holili au Namanga, na mama anayevuka mpaka na watoto bila baba yao abebe vyeti vya kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi wa pili pamoja na hati za kusafiria. Maofisa wakiuliza, ni kwa usalama wa watoto hao hao.

Swali kubwa la siku ya mbio ni nani atakuwa na watoto kwa saa mbili na nusu au tatu. Liulize mwezi mmoja kabla. Waweza kwenda na dada yako, au mama wawili wapokezane: mmoja akimbie 21, mwingine akimbie kilomita 5 na watoto, kwa kuwa mbio hizo fupi zipo na zimejaa familia. Uwanja huwa na watu maelfu, kwa hiyo andika namba ya simu ya yule mtu mzima kwenye mkono wa kila mtoto kwa kalamu isiyofutika, na mpatane mahali pa kukutana panapoonekana, nje ya geti.

Usipande basi la kurudi mchana uleule. Kukaa kitako saa nane baada ya mbio huongeza uwezekano wa damu kuganda miguuni, hasa kwa aliyejifungua karibuni au anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Lala Moshi, ule mtori au ndizi za machalari, na asubuhi ukisafiri, shuka utembee kila basi linaposimama. Mguu mmoja ukivimba na kuuma zaidi ya mwingine, usiuchue. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuandika

Mariama Bâ wa Senegal alikuwa mwalimu, mama wa watoto tisa, na alitalikiana na mumewe. Riwaya yake ya kwanza, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama Barua Ndefu Kama Hii, ilitoka 1979 akiwa na miaka 50, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Noma kabla ya kitabu kingine chochote. Namtaja kwa ajili ya mama wa miaka 35 anayedhani amechelewa.

Hesabu ya uandishi ni nyepesi kuliko inavyoogopwa. Maneno 300 ni kama ukurasa mmoja wa daftari. Ukiandika hayo siku tano kwa wiki, baada ya wiki 30 una maneno 45,000, ambayo ni riwaya fupi. Anza na dakika 25 kwa siku, saa ileile, mahali palepale, na saa hiyo iandikwe kwenye ile karatasi ya jikoni kama mbio zilivyoandikwa. Mlango ufungwe kama upo. Mtoto mkubwa anaweza kufundishwa kwamba kwa dakika hizo anabisha hodi kwa damu, moto au mgeni tu.

Kukimbia husaidia sana hapa. Mambo mengi ya kuandika huja ukiwa barabarani, akili ikiwa imeachiwa. Usiandike kwenye simu ukikimbia. Ukimaliza, simama pembeni, jirekodi kwa sauti dakika moja, ndipo uingie nyumbani kwenye kelele. Safarini weka kijidaftari mfukoni na uandike vitu vinavyoshikika: bei ya machungwa Segera, alichosema kondakta, harufu ya udongo wa Same baada ya mvua. Ukirudi Dar hutakumbuka hata nusu yake. Kila Jumamosi jitumie nakala ya kazi yako kwa barua pepe, maana simu huibiwa na madaftari hulowa.

Ukiwa na mswada uliokamilika, usiuache kabatini. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza 2023 na inapokea kazi za Kiswahili. Ipo pia Tuzo ya Safal-Cornell ya Kiswahili kwa Fasihi ya Afrika, ambayo waandishi wa nchi nyingine nao hushiriki. Soma masharti, hesabu kurasa, mpe mtu mmoja mkali akusomee kabla hujatuma.

Watoto watakuwa ndani ya maandishi yako, kwa kuwa wamo ndani ya siku zako. Usitaje majina yao kamili, shule wala mtaa, na usichapishe picha yenye sare inayoonyesha nembo ya shule. Ugonjwa wa mtoto, kufeli kwake na aibu zake ni mali yake hata kama vilitokea mbele yako. Aliyefika umri wa kusoma asomewe unachokusudia kuchapisha kumhusu, na akisema hapana, kata aya hiyo kabla ya kutuma.